Lambalamba Ambayo Sisimizi Waliikataa

Hii nimetumiwa na dada yangu, mtu ambaye kwa kawaida hunitumia picha za maua ya asubuhi njema na dua ya Ijumaa. Safari hii ametuma hadithi, tena bila ua hata moja. Nimeisoma, nikaona haya kidogo, na sasa naipitisha kwako. Tafadhali usiitupe kwenye kundi zima. Mchague mtu mmoja, yule anayekuambia ukweli hata usipomwomba, umtumie yeye.

Palikuwa na mjane mmoja mjini Tabora, jina lake Bi Nyamizi, aliyejulikana mtaa mzima kwa lambalamba. Si zile za maji na rangi zinazouacha ulimi mwekundu hadi jioni. Zake zilikuwa za mtindi na embe.

Mtindi aliufunga kwenye kitambaa cheupe, akakitundika msumarini juu ya beseni, maji yakadondoka mpaka ukabaki mzito. Maembe alichagua yaliyoiva hadi ngozi imeanza kukunjamana, yale ambayo wauzaji sokoni huyaficha chini ya fungu. Aliyamenya, akayaponda, akayapitisha kwenye chekeche ili nyuzi zibaki juu. Akachanganya na mtindi, akatia sukari, akachovya kidole, akaonja. Akiona utamu umetosha, aliongeza sukari tena.

"Baridi inakula utamu," aliwaambia waliomshangaa. "Ikiwa tamu sawasawa sasa hivi, ikishaganda itapooza. Iache izidi kidogo."

Kisha alimimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki, akachomeka kijiti katika kila kimoja, akaviingiza kwenye friza. Joto la Tabora la mwezi wa kumi unalijua, na kama hulijui, muulize yeyote aliyewahi kuvuka pale mchana bila kofia. Bi Nyamizi hakuwa akiuza. Watoto wa shule, fundi wa baiskeli, mgeni aliyepotea njia, kila aliyeingia uani mwake alitoka na lambalamba mkononi.

Lakini magoti yake yalikuwa yamechoka, na nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Ikakubaliwa kwamba kabla mvua hazijaanza atahamia kwa mmoja wa wanawe, na kwamba atachagua mwenyewe. Alikuwa nao wawili. Kalunde, binti yake mkubwa, alikuwa na nyumba nzuri na chumba kilichokwisha kutandikwa kitanda kipya chini ya dirisha kubwa. Maganga, mwanawe wa kiume, alikuwa na vyumba viwili na sebule, na mke anayeitwa Mwavita, mwanamke wa Kigoma.

Moyoni Bi Nyamizi alishachagua kwa Kalunde. Dirisha lilichangia, lakini sababu kubwa ilikuwa Mwavita. Kalunde akipewa lambalamba alifumba macho na kusema, "Mama, mikono yako ingewekwa makumbusho." Mwavita alikula, akanyonya kijiti, akasema, "Asante, Mama," kisha akakusanya vyombo kwenda kuosha. Hakuwa na neno la ziada, na mkwe wake aliona huo ni ubaridi.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Bi Nyamizi hakumwambia mtu. Mwanzoni mwa mwaka aliugua homa kali. Alipopona, ladha haikurudi. Pilau, uji, kahawa, vyote vilikuwa kitu kimoja mdomoni.

Alinyamaza kwa sababu alimkumbuka mama yake mzazi. Siku moja watoto walimwambia mama yule, "Pumzika sasa," wakamchukulia jembe lake kwa upendo kabisa. Tangu siku hiyo alikaa ameegemea ukuta, akiuliza saa ngapi. Bi Nyamizi aliliogopa neno "pumzika" kuliko homa yenyewe. Kwa hiyo aliendelea kutengeneza lambalamba kwa mazoea ya mikono. Kidole alichovya na kulamba kama kawaida, maana watu walikuwa wakimtazama.

Sukari na chumvi alivitunza katika makopo mawili ya maziwa ya unga, yanayofanana. Siku moja alisafisha rafu, akayafuta, akayarudisha. Lambalamba za wiki ile hazikuganda vizuri, zilikuwa laini laini, naye akaulaumu umeme. Watu walizipokea, wakala, wakashukuru. Jirani yake, Mzee Lugendo, alisema hata kwamba za mwaka huu zimezipita za mwaka jana.

Alasiri moja lambalamba moja ilimponyoka Bi Nyamizi barazani ikayeyuka sakafuni. Alitaka kwenda kuleta tambara, lakini goti likamwambia akae kwanza. Akakaa, akiwatazama sisimizi wakitoka kwenye ufa wa ngazi. Aliwajua sisimizi wale. Tone la chai tu lilitosha kuwaleta ukoo mzima.

Wa kwanza alifika ukingoni mwa kile kidimbwi cha njano, akapapasa, akageuka. Wa pili akageuka. Msafara wote ukazunguka kwa mbali na kwenda zake.

Bi Nyamizi alisahau goti. Alileta makopo yote mawili. Akanyunyiza kidogo kutoka kopo la sukari karibu na ufa, sisimizi wakapita pembeni. Akanyunyiza kidogo kutoka kopo la chumvi. Wakaja mbio.

Alikaa pale mpaka jua likahama kutoka barazani. Kwanza aliona aibu, maana alikuwa amewalisha chumvi watu wa mtaa mzima. Halafu aibu ikageuka hofu. Ikiwa hakuna aliyeweza kumwambia kwamba embe lina chumvi, nani atamwambia siku atakapovaa nguo iliyochafuka? Nani atamwambia atakapoanza kurudia maneno? Watasema yote ni mazuri, huku wakitazamana juu ya kichwa chake.

"Sisimizi hawana adabu," alijisemea, "lakini ndio pekee walionijibu."

Jumapili aliita watu wake nyumbani. Alikuwa ametengeneza lambalamba mpya, na safari hii alitia chumvi kwa makusudi, kwa kiganja kizima. Walipokaa barazani, Kalunde, Maganga, Mwavita na Mzee Lugendo, aliwagawia mmoja mmoja.

"Jumamosi mjukuu wa Mzee Lugendo anaolewa," alisema. "Nimeombwa nipeleke lambalamba kwa wageni wote. Hizi ndizo nitakazopeleka. Onjeni, mniambie kama zinafaa."

Kalunde alifumba macho, na siku hiyo alikuwa na sababu ya kuyafumba. "Tamu, Mama," alisema alipoweza kusema. "Ni zile zile za utotoni."

Maganga alimeza kwa nguvu. "Hapa hujakosea kitu, Mama." Kisha akaomba ya pili, ili kuonyesha mfano. Mtu mzima, baba wa watoto, alikula lambalamba mbili za chumvi huku akitabasamu. Mimi nikimfikiria huyu Maganga nacheka, halafu nakumbuka supu fulani niliyoisifu mwezi uliopita, nanyamaza.

"Wageni watakula hadi vijiti," akasema Mzee Lugendo, akiipeleka yake taratibu nyuma ya kiti.

Mwavita aliuma kidogo, akasita, akamtazama mkwe wake. Kisha akaendelea kula polepole mpaka mwisho. "Asante, Mama," alisema, akakusanya vyombo, akaingia ndani.

Moyo wa Bi Nyamizi ulishuka. Hata huyu, basi, asiyejua kubembeleza mtu. Akajiambia kwamba kama wote ni sawa, heri aende penye dirisha kubwa.

Mara sauti ikamwita kutoka ndani. "Mama, samahani, naomba nikuone huku jikoni mara moja."

Alimkuta Mwavita amesimama kando ya beseni la vyombo, mikono imelowa. Mwavita alirudishia mlango.

"Mama, unisamehe kwa nitakalosema. Lambalamba ina chumvi."

"Kidogo?"

"Si kidogo, Mama. Hailiki."

"Mbona umeimaliza?"

"Ningeitema mbele ya Mzee Lugendo? Wewe ni mama yangu."

"Wenzako wamesema tamu."

"Nimewasikia." Mwavita alijifuta mikono kwenye kanga. "Na ya wiki iliyopita ilikuwa hivi hivi. Nilinyamaza, nikadhani ni bahati mbaya ya siku moja, na hapo nilikosa. Lakini ukizipeleka harusini, watu watakucheka mpaka mvua zianze, nasi tutakuwa tumekaa tunatazama. Hilo siliwezi." Alisita, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unapoonja, unapata ladha?"

Bi Nyamizi alifungua kinywa aseme kwamba anapata. Badala yake alikaa kwenye kigoda. "Tangu ile homa," alisema. "Sisikii ladha ya kitu chochote, mwanangu."

Alingoja kusikia neno pumzika. Halikuja.

"Basi tutatumia ulimi wangu," alisema Mwavita. "Mikono unayo."

Hapo Bi Nyamizi alilia, na hakujificha. Mwavita alimletea maji ya kunawa uso, akamaliza kuosha vyombo.

Waliporudi barazani, Bi Nyamizi alisimama mbele yao. "Zilikuwa na chumvi," alisema. "Nimeitia mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Nilitaka kujua nani ataniambia."

Maganga alikitazama kijiti chake cha pili. Mzee Lugendo alikumbuka kwamba ana shughuli nyumbani, akaaga. Bi Nyamizi akawaeleza wanawe habari ya homa, ya makopo na ya sisimizi, bila kuacha kitu.

"Tulinyamaza kwa sababu tunakupenda, Mama," alisema Kalunde, machozi yakimlenga. "Na wewe mbona ulituficha habari za ulimi wako?"

"Ni kweli, nimewaficha," akajibu mama yake. "Niliogopa mtaninyang'anya beseni langu mnikalishe ukutani kama bibi yenu. Mimi nimedanganya kwa hofu, ninyi mmedanganya kwa mapenzi, na watoto wa watu wamekula chumvi."

Akavikusanya vijiti vyao kimoja kimoja.

"Kabla mvua hazijaanza," alisema Bi Nyamizi, "nahamia kwa Mwavita."

Maganga aliinua uso kwa furaha. "Kwangu, Mama?"

"Kwa Mwavita. Wewe nitakukuta huko huko."

Kalunde aliinamisha kichwa akalia. Mama yake akamshika mkono. "Usilie, mwanangu. Kitanda chako nitakuja kukilalia nikikukumbuka, na Jumapili utakuja kuonja. Ila siku hiyo macho uyaache wazi."

Ijumaa Bi Nyamizi na Mwavita walitengeneza lambalamba za harusi pamoja. Mtindi ulichujwa, maembe yakapondwa. Mwavita aliyaacha makopo yote mawili rafuni, akaleta asali. Alisema asali hata gizani haiwezi kuchanganywa na chumvi.

Bi Nyamizi alikoroga, Mwavita akaonja.

"Bado, Mama."

Akaongeza.

"Bado."

Akaongeza tena.

"Sasa imezidi, Mama. Imezidi kidogo."

"Ndipo hapo hapo," alisema Bi Nyamizi, akaweka kijiko chini. "Baridi itachukua chake."

Jumamosi wageni walikula zote, na bibi harusi alimtuma mtu jikoni kwenda kumwulizia kama imebaki hata moja. Haikuwa imebaki.

Mvua za kwanza zilimkuta Bi Nyamizi katika kile chumba cha pili kwa Mwavita, beseni lake likiwa chini ya kitanda na kitambaa chake cheupe kikining'inia msumarini. Mchana mmoja jua lilipotoka, walitengeneza tena lambalamba. Mwavita alionja, akasema ziko sawa. Bi Nyamizi akachota kidogo kwa kijiko, akatoka nje, akaidondosha sakafuni barazani.

"Mama," alisema Mwavita mlangoni, "kumbe bado huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu," akajibu Bi Nyamizi, akivuta kigoda. "Hawa nawapa shukrani yao tu."

Wakakaa wote wawili, wakawatazama sisimizi wakija.

Funzo: Anayekupenda kweli atakuambia ukweli, na anayekuheshimu atakutafutia mahali pa kukuambia. Ukiona unasifiwa na kila mtu, tazama kwanza chini kama sisimizi wamekuja.