Kitabu Kichwa Chini

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni ya juzi tu, ya chaki na kengele, palikuwa na shule ya msingi iliyojaliwa vitabu ikanyimwa akili. Vitabu vipya vya darasa la pili vililetwa maboksi kwa maboksi. Mwalimu mkuu, Bwana Mwakalinga, akavifungia kabatini. Alisema watoto wana mikono michafu, na mkaguzi akija lazima avikute viking'aa. Darasani akatoa kimoja.

Mwalimu wa darasa, Bi Sekela, akakilaza hicho kimoja mezani, watoto wakaizunguka meza. Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale: anasoma yeye, wanaitikia wao, anasoma yeye, wanaitikia wao, kisha huyo anatoka kwenda kuuza maandazi yake. Waliokaa upande wake waliona herufi zimesimama. Tumpe, binti wa mama muuza ndizi, alikaa upande wa pili, na kwake herufi zilikuwa miguu juu. Hakuna aliyemwambia kwamba zina namna nyingine ya kusimama. Wenzake walipopayuka, yeye alizifuata kwa kidole, moja moja, mpaka akazijua. Binti alijua kusoma, ila kitabu kichwa chini.

Siku ya mkaguzi ikafika. Kabati likafunguliwa, vitabu vikagawiwa vikinukia upya. Kwanza akaitwa Ambonisye, mtoto wa mwalimu mkuu. Akashika kitabu sawasawa, akateremka na maneno mfululizo. Upepo ukafunua ukurasa, yeye akaendelea na ule ule wa nyuma bila kukwama. Mkaguzi alikuwa amefumba macho, ananusa kuku aliyekuwa akikaangwa nyuma ya ofisi. Akamzawadia kalamu.

Akaitwa Tumpe. Akapokea kitabu, akakipindua, akasoma taratibu, kila neno mahali pake. Mkaguzi akafumbua macho, akaona ng'ombe wa kwenye picha amelala chali. Akacheka. Darasa likacheka. Bi Sekela naye, bila haya, akacheka. Mkaguzi akaanza kuandika ripoti pale pale, Tumpe amesimama ng'ambo ya meza. Mtoto akainama kidogo, akasoma kwa sauti kilichokuwa kikiandikwa:

"Mtoto huyu hasomi, anakariri. Akariri darasa."

Hakuna aliyecheka tena. Mkaguzi akafunika kalamu yake, akasema wino wa serikali haufutwi, akaenda kula.

Habari ikamfikia mama Tumpe kabla kuku hajaisha. Akaingia ofisini na wazazi wenzake nyuma yake, akawakuta mkaguzi, mwalimu mkuu na Bi Sekela wakila. Akasema, "Mwanangu atapoteza mwaka kwa sababu mmeandika. Sawa. Lakini hakai peke yake. Mmoja wenu atakaa naye dawati moja, aanze na a, e, i, o, u." Wazazi wakaunga mkono, wakaziba mlango.

Mkaguzi akajifuta mafuta mdomoni. "Mimi nilifanya kazi yangu. Nilikuja kukagua, nikakuta kitabu kimepinduliwa. Mlitaka niandike kimesimama?"

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mimi nilifanya kazi yangu. Nilikabidhiwa vitabu, na hadi leo hakuna hata kimoja kilichochanika."

Bi Sekela, yule yule aliyecheka, akainua kidevu. "Mimi nilifanya kazi yangu. Kitabu kimoja, meza moja, na bado mtoto kajua kusoma. Nani kamfundisha kama si mimi?"

Basi wakabishana, kila mmoja mtakatifu kuliko mwenzake, na mlango haukufunguliwa. Darasani dawati limeshafutwa vumbi. Tumpe amekaa upande mmoja, upande wa pili uko wazi, unamsubiri mtu mzima.

Nanyi mnaochekelea hapo, msinijibu kwamba ni wote, maana dawati lile ni la watu wawili tu. Je, nani alistahili kukariri?