Joho Moja, Mabega Sita

Hapo zamani, katika mji wa Margilan, nchi ya Wauzbeki, mahali ambapo bahari inajulikana kwa jina tu lakini hariri hufumwa nyumba kwa nyumba, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Risolat. Mama yake, Hosiyat, alikuwa mliaji. Palipotokea msiba, ndiye aliyeitwa. Aliingia uani, akashika kiuno, akafungua sauti, na hata jamaa waliofuata urithi walitokwa na machozi ya kweli. Risolat alimfuata msiba kwa msiba, ameshika pindo la nguo yake.

"Kilio hakianzi kooni," mama alimwambia njiani. "Kinaanzia kwenye nyayo. Simama vizuri kwanza, ndipo ulie."

Enzi hizo mwanamke wa Margilan hakutoka nje bila paranja, vazi zito la kumfunika toka utosini, na mbele ya uso kitambaa cheusi cha singa za farasi. Wakipita wanawake watano, mume hakujua yupi ni wake. Likumbukeni hilo.

Na katika tamthilia, wanawake waliigizwa na wanaume. Aliyewashinda wote ni Olim. Akiinamisha shingo na kutembea kwa ncha za vidole, watu walisahau ndevu alizonyoa asubuhi. Siku moja Olim alikwenda kumzika jirani, akasikia ng'ambo ya ukuta, upande wa wanawake, sauti changa ikiifuata sauti pevu. Akabisha kwa Hosiyat.

"Mama Risolat, mimi naigiza mwanamke. Binti yako ni mwanamke. Nipe nimfundishe."

"Nenda zako, Olim. Kwangu analilia wafu. Kwako atamlilia nani?"

"Walio hai."

Hosiyat alikataa majira ya baridi, akakataa majira ya miti ya matunda kuchanua. Pamba ilipopasuka mashambani akachoka kukataa, maana binti alikuwa hali wala halali, anaigiza mbele ya ng'ombe.

Jioni ya kwanza ya Risolat jukwaani, uso wazi, ukumbi ulijaa. Nusu walikuja kutazama, nusu walikuja kuchukia. Alisimama kwanza, ndipo akalia. Waliokuja kuchukia wakajikuta wanafuta macho, na hilo ndilo lililowatia hasira zaidi. Onyesho lilipokwisha, walikuwa wanamsubiri mlango wa nyuma.

Ndani, Olim alikwenda kuchukua paranja ya Risolat iliyotundikwa msumarini ili aivae yeye, awapoteze. Mkono mwingine ulimtangulia. Ulikuwa wa Anzirat, mdogo wake Risolat.

"Mzee Olim, kwa miguu hiyo ya ngamia watakujua kabla hujavuka kizingiti," alisema, akajifunika, akatoka.

Wakamdhania ni dada yake. Wakarusha mawe. Risolat akapita mlango wa mbele, salama. Anzirat akarudi na jicho moja.

Alfajiri Risolat alilazimika kuhamia mji mkuu. Huko kwao, msafiri huung'ata mkate wa tanuri mara moja, na uliobaki hutundikwa ukutani umngoje arudi aumalize. Hosiyat alimpa mkate. Risolat akang'ata, huku analia, na safari hiyo hakuwa anaigiza.

Miaka ikapita, na jina lake likakua kama mti karibu na mfereji. Aliigiza malkia, akaigiza mjane, akaigiza mwendawazimu, watu wakasafiri siku nzima kumwona. Paranja nazo zikapungua njiani, moja leo, nyingine kesho. Mwishowe mji uleule wa Margilan ukamwalika nyumbani kumtukuza. Miongoni mwa waliotangulia kuketi ukumbini walikuwamo wazee wawili waliowahi kushika mawe. Walikuja na wajukuu zao wa kike, nyuso wazi.

Mchana mji ulikuwa umemvika Risolat joho la hariri ya milia. Lakini kundi lake la waigizaji lilikuwa na desturi: joho la heshima haliendi nyumbani na aliyepewa. Hulivua mbele ya watu, akamvika yule ambaye bila yeye asingefika jukwaani. Mtu mmoja. Na joho halikatwi, maana kwao nguo ya kukata na kugawana ni ya maiti.

Kabla ya pazia kufunguliwa, alikaa chumbani nyuma ya jukwaa pamoja na mama yake, Olim na Anzirat. Mama yake alikuwa ameuleta ule mkate, mgumu kama tofali. Wakauchovya kwenye chai ya kijani, wakaumega. Mkate unagawika. Joho je?

"Sauti ni yangu," alisema Hosiyat. "Tangu jioni ile hakuna msiba ulioniita tena. Wafu wa mji huu wamezikwa kwa vilio vibovu kwa ajili yako. Leo waliofunga milango wanione na joho begani."

Olim akacheka kidogo. "Mama Risolat, wenye sauti ni wengi, nao wako majikoni. Kazi yako ulinyang'anywa. Yangu niliitoa kwa mkono huu. Siku aliyopanda yeye, mimi nilishuka, nikawa mvuta pazia mpaka leo. Muulize mtoto yeyote nje: Olim ni nani? Atakwambia, ni yule wa kamba."

"Na wewe, Anzirat?" aliuliza Risolat.

Anzirat alikuwa anatafuta makombo ya mkate kwenye mtandio aliojitanda. "Mama bado ana sauti. Mzee bado ana mikono, na maringo yake. Mimi nilikuwa na macho mawili."

Olim akaweka chai yake chini.

"Lakini mwanangu," Olim alisema polepole, "ulijua kuwa ni mawe?"

Anzirat angeweza kudanganya. Nani angembishia? "Sikujua," alisema. "Nilidhani ni matusi tu. Ningejua, sijui kama ningetoka."

"Mimi nilijua," alisema Olim. "Nilijua, na nilinyoosha mkono."

"Ukanyoosha, ukachelewa," alisema Hosiyat. "Na mimi mnayenitazama, nilimzuia mwaka mzima. Semeni tu, nawasikia mnavyowaza."

"Mama, hakuna anayewaza hivyo," alisema Anzirat.

"Mimi nawaza," alisema Olim, na wote wanne wakacheka, Risolat akicheka huku analisokota pindo la joho. Aliyevikwa angeheshimiwa na mji mzima. Wawili wangerudi nyumbani mabega matupu, mbele ya macho yaleyale.

Joho moja, mabega sita.

Kengele ikalia. Olim akainuka kwenda kwenye kamba yake, Risolat akamzuia. "Leo avute mwingine. Kaa mbele."

Wakakaa mbele, watatu, bega kwa bega. Pazia likafunguka. Risolat akasimama kama alivyofunzwa na mama, akashusha shingo kama alivyofunzwa na Olim, akatazama kwa macho mawili yaliyookolewa na Anzirat. Akalivua joho. Ladha ya mkate bado ilikuwa mdomoni. Akashuka ngazi moja, akashuka nyingine.

Wasimuliaji wa Margilan wakifika hapa hulitupa joho kwa msikilizaji, nami nawatupia nyinyi. Shikeni. Yule aliyempa sauti, yule aliyempisha akijua, au yule aliyelipa zaidi bila kujua: je, ni mabega ya nani yaliyostahili?