Ndiva Iliyokutwa Tupu

"Asemaye 'wote', na mkwewe yumo." Mnacheka? Mmemsikia mama yenu akiisema mkadhani ni mzaha. Haya, kaeni, na wewe acha kwanza kutafuna muwa nikisema. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Upareni watu walimwagilia kwa zamu. Maji ya mfereji yalikusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo, na asubuhi mwenye zamu alizibua. Siku ya zamu ya Mama Mbazi, mahindi yake yakiwa yamekwisha kujikunja majani, aliikuta ndiva tupu. Zamu nyingine ilikuwa baada ya siku nane. Lo! Alikaa chini palepale.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Ukimsalimu, anaitikia huku anakuangalia miguu kama ina tope. Aliyecheka alimshuku, aliyenyamaza ndiyo kabisa.

Jioni moja alikuwa akimenya ndizi na Nakiete, mke wa mwanawe Mbazi, aliyeolewa kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde.

"Ni watu wa ng'ambo," akasema. "Watu wa ng'ambo wote ni wezi wa maji."

Nakiete akaacha kumenya. "Wote, mama?"

"Wote! Wewe si kama wao, mwanangu." Lakini macho yake yakashuka hadi kwenye miguu ya binti wa watu.

Nakiete aliona. "Kule nina baba, mama, na kaka watatu. Ukisema wote, nami nimo."

Kesho yake akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwao.

Mbazi akawa hali wala hasemi na mama yake. Siku ya tatu uzalendo ukamshinda mama mtu, akavuka bonde kwenda kuomba radhi. Alipewa kigoda tu, hata "karibu" hakuambiwa. Baba yake Nakiete akasema huku akitazama pembeni, "Watu wa kule wote ni midomo. Hakuna mwenye utu hata mmoja."

Mama Mbazi akainama. Yeye ndiye aliyeanza.

Aliyejibu ni Nakiete. "Usiseme wote, baba. Huyu ninayemnyonyesha ni wa kule."

Mzee akamtazama mjukuu wake. Kisha akaita jikoni, "Mleteeni mkwe wetu chai."

Aliyezibua ndiva hajulikani hadi leo, na msinitazame mimi. Ila huku kwetu mtu akianza na "wanawake wote" au "watu wa mjini wote", hamalizi sentensi kabla hajakatizwa: asemaye "wote", na mkwewe yumo.