Hiza Aliyejua Kukimbia

Mwanamume mmoja alikuwa na mke, na mtoto wa kike, na miguu ya kukimbia. Hiza jina lake. Mkewe Mwantumu, jirani yangu mimi, ukuta kwa ukuta. Mtoto wao Mwajabu alizaliwa na kifua kibovu, akibanwa midomo inabadilika rangi. Siku moja kalazwa hospitali ya watoto pale mjini, Mwantumu akamwambia mumewe, baba Mwajabu, hebu toka ukanunue maziwa. Akatoka. Jamani, maziwa hayo! Akapita stendi, akapanda basi, na hatukumtia tena machoni mpaka mtoto kaota meno, kayang'oa, kaota mengine.

Mtaani tukasema basi, Hiza kamkimbia mkewe. Wengine wakamwambia Mwantumu aolewe, yeye anaguna tu, anafunga kanga yake, anampeleka mtoto kliniki.

Halafu akarudi. Kakonda, viatu vimechoka, na mkononi, wallahi, kashika pakiti ya maziwa! Nilicheka mie, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi, kisha nikashangaa machozi yanatoka na wala si ya kicheko. Mwantumu hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alimtandikia mkeka barazani, akamtilia chakula, akaingia ndani akakomea mlango. Mtoto akaambiwa yule ni mgeni. Na mgeni akakaa hivyo, anafagia uwanja, anachota maji.

Ndipo hospitali ikatangaza mbio za kuchangisha fedha. Mashine ya kuwasaidia watoto kupumua ilikuwa moja tu, watoto wanapokezana, na Mwajabu mmojawapo, maana wiki hiyo kifua kilimkamata tena akalazwa. Basi watu wakimbie marathoni, waanzie hospitali, wapite stendi, wazunguke mashamba ya mkonge, warudi tena stendi mpaka hospitali. Kila mkimbiaji atafute watu wa kumchangia akimaliza.

Hiza akajiandikisha. Looo! Mtaa ulipasuka.

"Huyo tena? Si ndiyo fani yake!"

"Mkagueni mizigo, asije akatokomea na namba ya kifuani!"

Alipopita kuomba michango ikawa ndiyo sherehe. Bwana Kilua mwenye duka, yule ambaye chenji yako anakurudishia huku uso umemsawijika, akapiga kifua mbele za watu: huyu akifika mwisho, mimi natoa pikipiki yangu. Bi Mwanaidi mpika vitumbua akasema yeye anatoa cherehani. Fundi kinyozi naye akataja mbuzi wake, na mbuzi mwenyewe ana mimba. Mnaona? Hapana aliyemwahidi kidogo. Kumwahidi Hiza waliona ni sawa na kuuahidi upepo, maana nani asiyejua kwamba huyo atachepuka njiani?

Siku ilipofika, wenzake walimwacha mapema. Sisi tulikaa stendi tunangoja. Wakapita vijana wenye miguu kama swala, wakapita walimu, wakapita masista wa kanisani na gauni zao, Hiza hayumo. Kilua anatabasamu. Jua limewaka hasa ndipo tukamwona anatokea upande wa mkonge, anavuta mguu mmoja, jasho limekauka limekuwa chumvi.

Na pale pale basi linanguruma, mlango wazi.

"Kaka Hiza!" mpigadebe akapaza sauti. "Dirishani kupo! Nauli utalipa mbele ya safari, si wateja wetu wa zamani nyie!"

Watu hoi kwa kicheko. Lakini Hiza akasimama. Akaugeukia ule mlango, akanyoosha mkono akashika chuma chake, kichwa kakiinamisha. Mpaka leo sijui alikuwa anajishikiza asianguke au alikuwa anapanda, na nadhani hata yeye hajui. Kicheko kikakatika.

Mwantumu alikuwa hapo, kapewa kazi ya kuwagawia wakimbiaji maji. Akaitua ndoo. Akamwendea, taratibu, kama mtu anayemfuata kuku asimshtue. Hakupiga kelele, ila stendi nzima tulimsikia.

"Ulitukimbia, Hiza, tukanyamaza. Leo tukimbilie."

Kisha akammwagia kata ya maji utosini.

Hiza akauachia mlango.

Alifika hospitali mabango yanafunguliwa kwenye nguzo na waliomtangulia wanalamba vidole vya pilau. Mwajabu yuko mlangoni mwa wodi, kashika kikombe cha uji, anamtazama anavyokuja anachechemea.

"Mgeni, mbona umelowa?"

"Nilikuwa nakuja," akajibu.

"Unatoka wapi?"

"Mbali, mwanangu."

Mtoto akachungulia kikombe, akachungulia uso wa yule mtu, akampa. Alikuwa kabakisha kidogo tu chini, na ule uji ulishapoa. Hiza aliunywa kasimama, nesi kamshikia kikombe.

Basi Kilua akaisukuma pikipiki yake mpaka getini pa hospitali, kainamisha kichwa kama yuko mazikoni, na sisi tunampigia vigelegele nyuma kama bwana harusi! Cherehani ikaja. Mbuzi akaja, na wodini akazaa. Vikauzwa vyote, mashine ya pili ikapatikana, na Mwajabu akaipumulia. Na ule mkeka wa barazani umehamia ndani, lakini umefika ukumbini tu, jamani, msinilazimishe kusema yasiyokuwepo.

Mimi sikuvuka darasa la nne, mahubiri siyawezi. Ila yule anayekimbia mnamjua, kila nyumba inaye, na pengine ni wewe. Stendi mnaijua. Basi nawauliza hili moja: mtu wako akitokea kule mbali anavuta mguu, atakukuta umesimama wapi, na umemshikia nini?