Mashimo ya Saba Mara Nane

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda shule na mifuko ya madaftari mgongoni kama nyinyi, palikuwa na darasa moja chini ya kilima cha mawe. Mwalimu wake alikuwa Kanga, mama nadhifu asiyependa kelele, na somo lake lilikuwa hesabu.

Mwanzoni alifundisha kuzidisha kwa kuimbisha. "Mbili mara moja, mbili! Mbili mara mbili, nne!" Darasa zima linapayuka. Lakini Mwalimu Kanga hakuwa mjinga. Aligundua kwamba Kiboko na Nyati, waliokaa dawati la nyuma, walikuwa wanafungua vinywa tu. Sauti zilikuwa za wenzao. Mnacheka? Wapo humu humu wanaofanya hivyo, na ninawajua.

Basi akaleta mchezo. Kila Ijumaa aliweka ngoma katikati ya darasa na kuuliza swali. Anayewahi kuipiga ngoma ndiye anayejibu. Akipata, anatia kokoto kwenye kibuyu chake. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mwenye kokoto nyingi anapewa ukoko wote wa wali wa mchana. Ukoko, wanangu! Ule wa kahawia, unaolia kru kru kru mdomoni.

"Sita mara saba!" akauliza Mwalimu Kanga.

Gidi gidi gidi! Kiboko huyo. Ti!

"Kumi na moja!"

"Hapana. Nani mwingine?"

Gidi gidi gidi! Nyati naye. Ti!

"Kumi na moja!"

"Nyati, si mwenzako ameshakosa sasa hivi kwa namba hiyo hiyo?"

"Nilidhani hakuitamka vizuri, Mwalimu."

Darasa likavunjika mbavu. Hapo Pimbi, mdogo kuliko wote, akapita katikati ya miguu yao na kuigusa ngoma kwa kidole. Ti.

"Arobaini na mbili, Mwalimu."

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Kiboko na Nyati wanakimbia, Pimbi anakula ukoko. Wakubwa wale wawili walirudi nyumbani vichwa chini, kwa sababu kuchekwa kunauma hata kama una ngozi nene.

Sasa sikilizeni shida ya Pimbi. Msimu wa kupanda ulipofika, mama yake alikanyaga mwiba, mguu ukavimba, akawa hawezi hata kusimama. Shamba lao lilikuwa bado halijaguswa, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya kilima.

"Mwanangu," Mama Pimbi alisema, "mvua hii ikitukuta hatujapanda, mwaka huu hatuna chakula."

Pimbi akachukua jembe. Akalima asubuhi mpaka mchana. Akapata mashimo matatu, tena ya kumtosha panzi kulala. Akakaa chini, akalia kweli. Alikuwa na akili nyingi, lakini akili haishiki jembe.

Halafu akafuta machozi. Alikuwa amewakumbuka marafiki zake wa jibu la kumi na moja.

Jumatatu baada ya shule akawasubiri njiani.

"Ndugu zangu," akasema, akiangalia huku na huku kama mtu anayeogopa kusikiwa, "mnadhani mimi nayajuaje majibu?"

"Umezaliwa nayo," alisema Nyati kwa uchungu.

"Wapi! Kuna mazoezi. Lakini ni ya siri, na yanataka nguvu. Sijui kama mtaweza."

"Nguvu?" Kiboko akavimba kifua. "Sisi tusiweze nguvu? Twende!"

Wakaenda mpaka shambani. Pimbi akawapa majembe, yeye akapanda juu ya jiwe.

"Sita mara saba! Chimbeni mistari sita, kila mstari mashimo saba."

Chwa! Chwa! Chwa! Udongo ukaruka. Kabla jasho halijakauka wakawa wamemaliza.

"Hesabuni."

Wakahesabu. Kiboko akapata arobaini na moja, Nyati akapata arobaini na tatu. Wakabishana, wakarudia, wakarudia tena.

"Arobaini na mbili!" wakasema kwa pamoja, wakatazamana kwa mshangao. Jibu lilikuwa lao, walilichimba wenyewe.

"Lakini Pimbi," aliuliza Nyati, "kwa nini tusipange mawe tu?"

"Mawe yanavingirika. Umewahi kuona shimo likihama?"

"Sijawahi."

"Haya. Sasa tieni mahindi, punje tatu kila shimo."

"Mahindi ya nini tena?" aliuliza Kiboko.

"Wewe! Shimo lisilo na kitu ndani ni nini? Ni sifuri! Na sita mara sifuri ni ngapi? Sifuri! Unataka jasho lote hili liwe sifuri?"

"La, la, la!" Kiboko akainama haraka. "Nyati, tia, tia!"

"Na mfukie," Pimbi akasema, "jibu lisiibiwe."

Wakafukia. Tena Nyati alifukia kwa uangalifu, akipigapiga udongo kwa kwato yake, kwa sababu hakupenda wezi. Jumanne wakachimba saba mara nane, nyuma ya kichuguu. Jumatano wakachimba nane mara tisa, kushuka hadi mpakani. Alhamisi hapakuwa na kona iliyobaki, na Pimbi akawaambia kwamba mazoezi yamekwisha. Alimkimbilia mama yake akiruka, wakakumbatiana. Mama alipouliza nani amelima, Pimbi alisema tu, "Wanafunzi wenzangu wanapenda sana hesabu."

Ijumaa ikafika. Ngoma ikawekwa.

"Saba mara nane!"

Gidi gidi gidi! Ti! Nyati. Darasa likajiandaa kucheka. Nyati akafumba macho. Akaliona shamba, nyuma ya kichuguu, mstari baada ya mstari.

"Hamsini na sita."

Mwalimu Kanga akapepesa macho.

"Hamsini na sita ni... ni sawa. Tia kokoto, Nyati. Nane mara tisa!"

Ti! Kiboko. "Ule mteremko! Sabini na mbili!"

Sijui kama mmeona jambo ambalo Pimbi hakuliona mapema. Wale wawili siku zote walikuwa wa kwanza kufika kwenye ngoma. Walichokosa ni jibu, na sasa walikuwa nalo. Pimbi alipita katikati ya miguu yao, akafika kwenye ngoma, akakuta swali limeshajibiwa. Siku hiyo alikula wali laini kama wengine, na kutoka nyuma ya darasa akasikia kru kru kru. Wala hakununa sana. Mchana ule ule mvua ilimwagika, na alijua inanyesha juu ya nini.

Mahindi yakaota, yakarefuka, yakazaa. Mama Pimbi alikuwa amepona mguu siku walipovuna, na vikapu ishirini na vinne vikajaa uani. Ndipo wakasikia hodi.

"Shikamoo, mama," walisema Kiboko na Nyati.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Kiboko akamgeukia Pimbi. "Tumepita shambani. Ile sita mara saba yetu imeota mahindi."

"Na saba mara nane nayo," Nyati akasema. "Pimbi, ulitulimisha."

Pimbi akaona hakuna pa kukimbilia. Akatabasamu tabasamu lake tamu kuliko yote.

"Ndugu zangu, ningewasahau nyinyi? Nilikuwa nakuja kuwaita! Tuko wanne hapa, na vikapu ni ishirini na vinne. Tunagawana sawa kwa sawa. Kila mmoja vikapu vinne. Haya, chukueni."

Nyati akainama kuchukua. Kiboko akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Nne mara nne ni kumi na sita. Vikapu vinane vinabaki kwa nani?"

Pimbi akajifanya anahesabu vidole. "Vinane? Vipi?"

"Ukitoa vinne vinne, vinabaki vinane," alisema Nyati, naye sasa akiwa amesimama wima. "Nne mara sita ndiyo ishirini na nne. Kila mmoja vikapu sita."

"Mwalimu ameanza kutufundisha kugawanya," Kiboko akaeleza kwa upole, "lakini ukijua kuzidisha, wala si kugumu."

Mama Pimbi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamshika mwanawe sikio, wala si kwa nguvu, akamwambia abebe vikapu vya wageni mpaka njiani, sita vya huyu na sita vya yule, kimoja kimoja. Pimbi akabeba. Safari kumi na mbili. Kiboko na Nyati walitembea mbele yake bila haraka, wakizihesabu kwa sauti, na hawakukosea hata moja.

Basi na wewe kumbuka: ukishamfundisha mwenzako kuhesabu, usitegemee kumpunja tena.