Goti la Hemedi

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, paliondokea mama mmoja pale Korogwe, muuza chai na chapati karibu na uwanja wa mpira. Watu walimwita Mama Hemedi, kwa sababu mwanawe Hemedi alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mji, na kwa misimu minane jezi namba tatu haikuvaliwa na mtu mwingine.

Ligi ikaisha, usajili ukafunguliwa. Kila asubuhi mabenchi ya Mama Hemedi yakajaa mashabiki. Chai inamiminwa, wanabishana. Chapati inageuzwa, wanabishana. Nani aachwe, nani aletwe. Na kila asubuhi Kibwana, fundi baiskeli, alikuwa na lake: "Hemedi kaisha. Mawinga wanampita kama hayupo. Aachwe!"

Siku ya kwanza mama akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akalipuka: "Mwanangu anacheza na goti bovu! Miezi saba anachomwa sindano ili nyie mshangilie, halafu unakaa kwenye benchi langu unamtukana?"

Mama alitaka waone haya. Hapo hapo akakumbuka kwamba siri ile Hemedi alimwambia yeye peke yake.

Jioni Kibwana akapiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akaieleza habari ya goti, na jina akalitaja. Sasa Zuberi, katibu wa timu, alikuwa ameshamwahidi Hemedi mkataba mpya, na kwa ahadi hiyo Hemedi aliikataa timu ya Tabora iliyokuwa ikimtaka. Kesho yake Zuberi akalikata jina la Hemedi kwenye orodha ya usajili bila hata kumwita. Hemedi akapiga simu Tabora. Nao walikuwa wameshasikia.

Hemedi akaenda kukata mkonge, kwa goti lile lile. Kwa mama yake hakukanyaga tena. Mama akamfuata shambani na kifurushi cha chakula. Hemedi akampa shikamoo, akakipokea kwa mikono miwili, kisha akasema, "Mama, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia." Akarudi kazini akichechemea.

Mama aliporudi akawakuta Kibwana na Zuberi wakimsifu beki mpya. Akawauliza mwanawe aliwakosea nini.

Kibwana akasema, "Mimi ni shabiki, mama. Timu ni yetu sote. Nilichosema redioni kilikuwa uongo?"

Zuberi akasema, "Hemedi ndiye aliyenificha. Angeniambia mapema, ningempeleka akatibiwe."

"Kweli ungempeleka?"

Zuberi akatazama pembeni. "Tungeangalia."

Mama akataka kumtukana, lakini naye alikuwa na lake. Miezi yote saba ni yeye aliyekuwa akimkanda Hemedi kwa maji ya moto, na hata siku moja hakumwambia, "Mwanangu, pumzika." Naye alipenda kusikia uwanja mzima ukiliita jina la mwanawe.

Haya, nyie mnaonisikiliza. Kibwana alitangaza. Zuberi alivunja ahadi. Hemedi mwenyewe alificha. Mama aliropoka, tena kwa kumtetea. Je, ni nani hasa aliyemmaliza Hemedi?