Lebo Kumi na Nne za Ijumaa

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea kati yao lilikuwa mzaha wa soksi. Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya wilaya. Mke alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, mpira mwembamba wa oksijeni ukiwa puani mwake. Mume alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya kitanda.

"Baba Ndeshi," mke alisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "siku mbili tu sipo nyumbani, na wewe umevaa soksi moja nyeusi na moja ya kahawia."

"Sasa ile nyeusi nyingine iko wapi?"

"Iko ulipoiacha. Usiniulize mimi, mimi mgonjwa."

Alicheka, kikohozi kikamkata kicheko. Mume akamwinulia mto. Baada ya hapo, ndugu zangu, sina jambo lingine la kawaida la kuwasimulia.

Mume huyo alikuwa mhandisi wa vifaa tiba wa hospitali hiyohiyo. Mnajua kazi hiyo? Wengi hatuijui. Daktari tunamshukuru, muuguzi tunamshukuru, lakini yule anayehakikisha kwamba mashine ya daktari inasema kweli, huyo hatumwoni. Alipoanza kazi, miaka ishirini na miwili nyuma, kitanda cha kuwapasha joto watoto njiti kilikuwa kimemuunguza mtoto mgongoni, na hakuna aliyejua kilipimwa mara ya mwisho lini. Akaanzisha utaratibu wake. Kila mashine aliyoipima na kuiridhia aliibandika lebo ya kijani, yenye tarehe na saini yake. Isiyo na kijani haigusi mgonjwa. Siku moja alisimamisha upasuaji, mgonjwa akiwa tayari mezani, kwa sababu mashine ya usingizi haikuwa na lebo. Daktari bingwa alimfokea mbele ya watu. Alivumilia, akaipima, akakuta inavuja.

Tangu hapo wauguzi wakamwita Mzee Kijani. Wageni kazini walifundishwa siku ya kwanza: huna haja ya kuihoji mashine, tazama lebo ya mzee. Watu wangapi walirudi nyumbani kwao wazima kwa sababu ya vikaratasi vile? Hawahesabiki, maana aliyeepushwa na ajali hajui kwamba ameepushwa.

Sasa tuje Ijumaa, siku tano kabla ya ule mzaha wa soksi. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alimpigia simu akiwa karakanani.

"Mzee, wakaguzi wanaingia Jumatatu. Zile mashine za oksijeni lebo zake zimepitwa na tarehe."

"Kipimo changu cha oksijeni kimekufa. Kipya kimeagizwa, hakijafika."

"Najua. Wewe bandika tu, utapima kikifika. Ni wewe bwana, nani atakutilia shaka?"

Akabandika. Mashine kumi na nne, alasiri moja, tarehe na saini. Hakupewa chochote, na hakukusudia ubaya. Alikusudia kupima. Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaondoka.

Mashine ya namna hiyo huvuta hewa ya chumbani, huichuja, na kumpa mgonjwa oksijeni. Kichujio chake kikichoka, haizimi. Huunguruma kama kawaida, maji kwenye kichupa chake hutoa mapovu kama kawaida, lakini kinachotoka kinaanza kufanana na hewa ileile tunayovuta hapa bure. Huwezi kujua kwa macho wala kwa masikio. Unajua kwa kupima.

Mume alikuwa ameiona lebo kwenye mashine ya mkewe tangu Jumanne. Na niwaambie kilichomtisha baadaye kuliko vyote: alipoiona, moyo wake ulitulia. Kama kila mtu mwingine, alitazama kijani kwanza. Ndipo akakumbuka ni kijani cha lini. Akajiambia kwamba mashine zote kumi na nne haziwezi kuwa mbovu.

Saa saba kasoro siku ile ya Jumatano, namba za oksijeni ya damu, kwenye kifaa kilichobanwa kidoleni mwa mkewe, zilianza kushuka. Muuguzi alikuja, akafungulia mashine zaidi. Namba zikashuka zaidi.

"Haipandi," muuguzi alisema. "Ningeshuku mashine, mzee, lakini hii ni ya kwako. Nimeacha mbili pale korido nikamchagulia mama hii, yenye lebo mbichi."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Sentensi moja tu ilitosha: Sista, hiyo sikuipima. Muuguzi angepiga kelele, na mtungi wa oksijeni ungetolewa wodi ya jirani, hatua thelathini kutoka pale. Lakini kusema sentensi ile ni kuifuta miaka ishirini na miwili mbele ya mtu aliyekuwa anamtazama kwa imani.

"Ngoja nilete mtungi," alisema. "Kwa tahadhari tu."

Kwa tahadhari tu! Mnaona maneno yanavyoweza kuwa na adabu? Muuguzi akasikia tahadhari, hakusikia hatari. Akabaki akingoja. Mtungi wa wodi ya jirani hauombwi kwa tahadhari, hivyo mume akaenda stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Aliporudi na mtungi zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano, na shuka lilikuwa limevutwa juu.

Je, mashine ndiyo iliyomuua, au mapafu yalikuwa yamechoka tayari? Hakujua. Mimi pia sijui, na siwezi kumpa mtu huyo jibu ambalo Mungu hakumpa.

Jioni watu walijaa nyumbani kwake. Wanawake wakatandika mikeka, turubai likafungwa uani. Shemeji yake, mtu mzima mwenye sauti nzito, alisimama kuwaeleza waombolezaji ugonjwa ulivyokwenda. "Tusilaumu mtu," alisema. "Dada yetu hakukosa huduma. Hata mashine aliyowekewa ilikuwa na sahihi ya mume wake mwenyewe." Watu wakaitikia kwa huzuni. Mwanamke mmoja akamshika mfiwa mkono, akamwambia, "Angalau hilo likufariji, baba."

Ndugu zangu, tumezoea kuwaogopa waongo. Hatuna haja. Mwongo anajulikana, akisema kuna mvua tunatoka nje kutazama. Uongo ambao hakuna anayeutazama ni ule wa mtu mkweli. Sisi tunaoitwa wazee wa kanisa, sisi walimu, sisi ambao neno letu likisemwa nyumbani halihojiwi: watu wameacha kutupima. Wametuwekea maisha yao mikononi kwa sababu ya jinsi tulivyokuwa jana. Na sisi tumeichukua imani hiyo kama mapumziko, kumbe ni mzigo. Nani kati yetu leo hana lebo aliyoibandika kwa nia ya kupima baadaye? Na nani anayejua ni mgonjwa gani amelazwa chini yake sasa hivi?

Mfiwa, kwa mila zetu, hatoki. Huketi, watu humjia. Lakini asubuhi iliyofuata, jua likiwa halijapanda, mtu huyu aliwapita waombolezaji waliolala uani, akatembea hadi hospitali na nguo zake za msiba, akaingia kwenye ukumbi wa ripoti ya asubuhi. Madaktari na wauguzi wakasimama kumpa pole. Akainua mkono wakanyamaza.

"Mashine kumi na nne za oksijeni nilizobandika Ijumaa sikuzipima," alisema. "Hata moja. Nani ana wagonjwa kwenye mashine hizo?"

Mikono mitatu ikainuka. Mganga mfawidhi akainamisha kichwa. Yule muuguzi wa Jumatano alikuwa nyuma, karibu na dirisha.

"Mzee," aliuliza taratibu, "hata ile ya mama?"

"Hata ile, Sista."

Hakungoja waseme neno. Alivua koti, akaenda kuviringisha mtungi wa kwanza kuelekea wodini.